Kitana cha Juliana

Kwa miaka ishirini shangazi yangu Yudith amekata vipandikizi kwenye kitalu cha chai, Igowole: jani moja, kipande cha shina, udongo. Ndani ya ukungu miche yake yote hufanana, kwa kuwa yote imetoka kwenye mti mama mmoja.

Jana alinionyesha kitana chenye nywele za Juliana, bintiye aliyefariki mwaka jana.

“Wewe umesoma baiolojia. Wataalamu walimnakili kondoo, akazaliwa mwingine kama yeye. Juliana je?”

Nikawaka. “Hapana, shangazi! Angezaliwa mtoto mwingine kabisa, halafu tumlazimishe awe marehemu? Huo ni utumwa!”

“Punguza moto, mwalimu, utaniunguzia miche.”

Alicheka, ukungu ukipita polepole kati yetu kama ndoto isiyotaka kuisha. Akazitoa zile nywele, akazifukia chini ya mche. Akamwita Tumpe, mtoto wa Juliana, akaanza kumchana nywele kwa kitana kile.

“Bibi, unaniumiza!”

“Mama yako hakuwahi kulia…” Akasita, akalegeza mkono. “Lia tu, Tumpe. Kichwa ni chako.”