Laptop Iliyobaki Imewaka

Katika kazi yangu ya ufundi wa kompyuta hapa Kigoma nimefunga madirisha mengi ya programu, lakini moja natamani ningeliacha wazi.

Lilikuwa la mzee mmoja wa Ujiji, muuza vyakula vya jumla, ambaye mimi mwenyewe nilimwekea programu ya dukani. Alifariki, duka likafungwa wiki kadhaa. Siku lilipofunguliwa, binti yake alinipigia: programu imegoma, boti ya kwenda Kagunga inapakia, na bila orodha ya mzigo nahodha hachukui gunia hata moja.

Kosa lilisema soketi inatumika. Yaani ule mlango ambao kompyuta hupitia kuzungumza na mwenzake una mtu tayari, na programu ile iliruhusu mmoja tu. Nilipofika dukani nilibadilisha waya. Nikazima ruta na kuiwasha. Kila mara huyo mtu alirudi kabla yangu, nami nikaitukana kimoyomoyo programu niliyoisifia kwa mdomo wangu. Mwishowe nikatafuta jina la kompyuta iliyoshika mlango.

"Hiyo laptop ya baba," binti alisema. "Iko ndani kwa mama."

Mama alikuwa kwenye eda ya mumewe, haonani na wanaume wa nje. Binti alibaki kwenye simu akimbembeleza nahodha, mimi nikasimama nje ya pazia la chumba cha mama, nyuma ya duka.

"Shikamoo, mama. Laptop ya mzee imewaka?"

"Marahaba, mwanangu. Haijazimika hata siku moja. Umeme ukikatika naichomeka kwenye sola."

Hapo ndipo ningeuliza kwa nini. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka, na nilijiona hodari kwa kuwa nimeshaujua ugonjwa. Nikamwelekeza abonyeze alama ya kufunga, juu kulia. Akasema inamuuliza kama ahifadhi. Niliogopa kuchafua orodha za duka, nikamwambia akatae. Alitii, maana mumewe alimzoesha kuniamini.

Dukani binti akapaza sauti, "Imekubali!"

Nyuma ya pazia mama akaniita.

"Mwanangu, yale maneno yatarudi?"

"Maneno gani, mama?"

"Ya mzee wako. Alikuwa anaandika mzigo wa Kagunga, adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Akaniambia akirudi atamalizia. Akaanguka akitia udhu. Aliishia mchele, sukari, na. Kila siku nakaa nayo, najiuliza na nini."

Niliomba nipewe ile laptop. Niliketi nayo ukumbini, nikapekua kila mahali programu inapoweka vitu vyake. Hakukuwa na kitu. Nilimwambia ukweli nikiwa palepale nje ya pazia.

"Basi, baba," alisema. "Hukujua."

Ingekuwa nafuu angenifokea. Nilipotoka, binti alikuwa ameshamaliza orodha ya Kagunga, akataka niikague. Alisema haijapungua kitu. Sikuweza kuitazama.