Boya la Basotu Lilipochafuka

Boya lile lilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Yapo mengine ya aina hiyo kule pwani, yanapima joto, chumvi na oksijeni ya maji, lakini safari hii watafiti wenye boya walitaka kuona kama litafaa kwenye ziwa, ndipo wakalileta kwetu Basotu. Ni la njano, lina sola juu, na vipimo vyake vinaning'inia chini majini. Tarakimu zinakuja kwenye simu yangu na kwenye ofisi yao huko pwani.

Kazi yangu ilikuwa kulisafisha. Kila wiki mume wangu alinipeleka kwa mtumbwi, nami nikasugua kwa mswaki utelezi wa kijani unaoota kwenye vipimo. Usiposugua, kipimo cha oksijeni kinaanza kusema uongo. Mume wangu alinitania kwamba boya lina meno safi kuliko yeye, na hakukosea.

Mimba ilipofika miezi minane nilipelekwa hospitali ya Haydom. Wauguzi walijitahidi, lakini mtoto alizaliwa hana pumzi. Nilirudi kwa basi, nimekaa dirishani, maziwa yakilowesha blauzi. Sikulia. Nilikuwa nikijiuliza kama nilifunga mlango wa stoo.

Kwetu mama aliyepatwa na jambo hilo hukaa kando pamoja na mumewe. Hashikani mkono na mtu, ana kikombe chake, na haendi kwenye maji ya watu wote, maana inaaminika balaa litawafuata wengine. Kanisani tunakwenda kila Jumapili, lakini desturi hii haijawahi kumuuliza mtu dini yake. Mume wangu alishinda nyuma ya nyumba akitengeneza majembe ambayo hayakuwa mabovu. Majirani walisema "poleni" wakiwa njiani, wakapita. Mama mkwe aliniletea chakula, akakiweka kwenye kigoda mlangoni, akarudi nyuma.

Simu ndiyo haikuwa na mwiko. Iliendelea kuleta tarakimu, na oksijeni ilikuwa ikishuka. Nilijua ni utelezi tu. Nilijua pia kwamba tarakimu zikiharibika boya litarudishwa pwani, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiita yangu. Nilingoja iniume. Haikuniuma.

Hata hivyo nilijaribu kumwomba mama mkwe.

"Mama, nikienda mara moja tu, nisugue, nirudi?"

"Maji yale wanakunywa watoto wa watu, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Hayo maneno, watoto wa watu, yalinikera, kisha hata kero yenyewe ikapoa.

Siku chache baadaye fundi wa boya, wa ile ofisi ya pwani, akapiga simu.

"Dada, hilo ziwa limepatwa na nini? Oksijeni inakaribia sifuri. Samaki wanakufa?"

"Samaki wazima. Boya ndilo chafu."

"Chafu kwa nini, na tulikubaliana kila wiki? Wakubwa wanataka lirudi baharini. Nipe sababu niwaambie."

Pale nyumbani wote walikuwa wanajua, kwa hiyo sikuwahi kulitamka kwa kinywa changu.

"Nilijifungua," nikasema. "Mtoto alifariki."

"Pole sana, dada."

Nikajiandaa kumweleza habari za desturi, za kukaa kando, za maji. Hakuniuliza hayo.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Tangu Haydom hakuna mtu aliyeniuliza. Kwetu mtoto wa namna ile hasemwi. Hapewi jina, na mama yake anaambiwa atapata mwingine.

"Wa kike," nikasema. Nikalia kwenye simu ya mtu ambaye nilionana naye mara mbili tu maishani. Nikamwambia alikuwa na vidole virefu vya baba yake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, naye ndiye anayelipia muda wa maongezi. Kisha akasema boya litabaki. Tarakimu hizi ataziwekea alama zisitumike, mpaka nitakaporudi kazini. Nilimshukuru, nikakata simu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Hakuiweka kwenye kigoda.

"Alikuwa na nywele?" akaniuliza.

"Nyingi, mama."

Akaingia ndani, akaketi kando yangu, bega lake likagusa langu.