Fimbo Ndani ya Biwi la Samadi

Tuwekeane dau: hakuna atakayeniamini. Dada yangu, mtaa mzima unamwita Samadi kwa sababu hajawahi kupita kinyesi cha mbuzi njiani akakiacha, nusura apoteze shamba kwa ajili ya fimbo. Mimi, wanayeniita Redio, niliishia darasa la tano, lakini kwa kusimulia, hata mwalimu wangu kwangu haoni ndani.

Shamba aliachiwa na marehemu mumewe. Udongo mwekundu, mgumu kama kisigino changu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, mfyatua matofali, alidai ni mali ya ukoo wao, akalitaka achimbe udongo, na akishachimba, hapo ni shimo tu, hapaoti hata jani. Dada akaomba msimu mmoja. Alikuwa ameshapanga biwi la mbolea: mabua, majani mabichi, samadi, majivu, tabaka juu ya tabaka, na fimbo ndefu kaichomeka katikati.

"Jumatatu nakuja kuichomoa mwenyewe," shemeji akasema. "Ikiwa ya moto, mbolea inaiva, panda. Ikiwa ya baridi, watu wangu wanaingia na sururu."

"Sawa, shemeji."

Ijumaa asubuhi na mapema napita, naona biwi linafuka. Moto! Shujaa gani angesubiri? Nikalimwagia ndoo kumi na mbili za maji, halafu nikaenda kumgongea dada, nadai soda yangu.

Akachomoa fimbo, akaishika. Akaniangalia.

"Redio, umefanya nini?"

"Nimekuokolea mali."

"Ule ni mvuke, wewe! Ndivyo mbolea inavyoiva! Umelizamisha."

Hakupiga kelele. Bora angenizaba kofi.

Tukalibomoa lote, tukalianika, tukalipanga upya na mabua makavu. Samadi mbichi niliifuata kwenye zizi la jirani, magunia sita, kichwani, majimaji yakinichuruzika shingoni. Jumamosi fimbo ilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Jumapili asubuhi, vilevile. Jioni dada akaigusisha shavuni, akairudisha.

"Vipi?"

"Nenda nyumbani kwako."

Jumatatu shemeji akaja na watu wanne, sururu begani.

"Redio, leo kimya? Betri zimeisha?"

Nikasogea nyuma ya dada. Dada akampisha. Shemeji akaivuta fimbo taratibu, akaikamata kwa kiganja kizima.

"Yalaa!"

Fimbo ikaruka huko. Wale wanne wakaangua kicheko. Shemeji akapuliza kiganja, akamtazama dada, akalitazama shamba.

"Panda. Msimu huu tu."

Mahindi yalinipita kichwa, na mimi si mfupi, msisikilize watu. Msimu uliofuata shemeji hakuuliza tena. Alishapata udongo wake ng'ambo ya mto.

Mtaani bado natamba kwamba niliuzima moto kwenye biwi la dada. Hakukuwa na moto. Nilikosea.