Vidonge vya Watu Wawili

Daktari alituambia kipimo cha saratani katika damu ya Papa kinapanda, ingawa tezi dume iliondolewa na vidonge anavimeza kila siku. Huenda dawa hii haimfai, akasema. Tufikirie kumpeleka nje ya nchi kwa mionzi.

Mimi nimemaliza chuo, kazi sina, kwa hiyo ndimi ninayempeleka Papa kliniki. Njiani kurudi nyumbani Ngagara nilishuku kila kitu: chai ya maziwa, joto la nyumba, hata dawa ya mbu. Tulipofika nikaomba nione vidonge. Alivihifadhi katika kopo la maziwa ya unga. Vyote vilikuwa vimekatwa nusu kwa wembe.

"Papa, kwa nini umevikata?"

"Ni vya watu wawili."

Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa Uvira. Walipasuliwa juma lile lile, vitanda vyao vikiwa jirani, wakala sahani moja. Wote wawili walikubali kuingia katika utafiti. Kundi moja lilianzishiwa dawa mara tu baada ya upasuaji. La pili lilipimwa damu tu, dawa ingeanza kipimo kikipanda. Madaktari walitaka kujua njia ipi ni bora. Papa aliangukia kwenye dawa, rafiki yake kwenye kusubiri.

"Mi ninywe, yeye ananiangalia tu?" Papa alicheka. "We ulilelewa wapi? Hata bia tunanywa mu chungu kimoja, kila mutu na mrija wake."

"Papa, hii si bia!"

"Ndiyo maana haileweshi."

Nilikaa sakafuni, kopo mkononi.

"Daktari anataka kukubadilishia matibabu," nilisema. "Anadhani kidonge kizima kimeshindwa."

Kicheko kikakatika.

"Na yeye? Daktari anasema nini juu yake?"

"Bila shaka anaona damu yake ni nzuri. Anadhani hahitaji dawa."

Papa akachukua simu.

"Ndugu yangu, kesho vaa shati nzuri, tunaenda kwa daktari. Apana, si sindano. Kusema mambo ya vidonge."

Alipokata simu alitoa nusu mbili, yake na ya mwenzake. Akazishika kiganjani kama mtu aliyeiba, akanigeuzia mgongo, akazimeza.