Paladini wa Kasubi

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa mtu wa kuudhi. Sikudanganya, sikuchelewa swala, na mwenzangu akikosea sikuweza kunyamaza. Nilikuwa binti wa shehe, na ushehe wenyewe nilijivika mimi kuliko baba. Kwa hiyo siku mwalimu alipotueleza paladini ni nani, nilimrukia huyo paladini awe wangu kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Mwalimu huyo alikuwa kijana wa Kiganda aliyefundisha hesabu shule ya jirani. Alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi Kampala wakati wa utawala wa jeshi, ambapo wenye akili zao walikuwa wakitafuta njia ya kutoka. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Mama yangu yuko hapa," basi. Alirudi na vijitabu vitatu vyembamba vya mchezo ambao hatukuwahi kuusikia. Hauna ubao wala karata. Mmoja anasimulia: mko mbele ya ngome, mlango umefungwa, mnafanya nini? Wengine wanajibu, kila mtu kwa kinywa cha mhusika aliyemchagua.

Paladini ni mpiganaji aliyekula kiapo. Akimgusa mgonjwa, mgonjwa anapona, na yeye mwenyewe maradhi hayampati. Lakini sharti lake ni zito. Vijitabu viligawa viumbe wote mafungu matatu, wa Sheria, wa Fujo, na walio katikati, na paladini lazima awe wa Sheria siku zote. Akitenda tendo moja la Fujo kwa kujua, vipaji vyote vinamtoka na hakuna kurudi. Mwalimu aliamua kwamba uongo nao unahesabiwa.

Baba alikuwa akisikiliza kutoka dukani kwake, upande wa pili wa pazia. "Hata Mungu ana mlango wa toba," akasema. "Huo wenu kaufunga nani?"

Tulicheza sebuleni kwetu Kasubi baada ya alasiri, watu watatu tu: mwalimu msimuliaji, mimi, na jirani yangu, binti wa sajenti wa polisi kutoka kaskazini. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake mtu wa kanisa, na yeye alikuwa mtu wa kucheka. Alichagua kuwa mwizi, upande wa Fujo. Aliwadanganya walinzi wa ngome kwa ulimi wa asali, wakampisha, na mimi nikanuna kama vile kanidanganya mimi.

"Mtawala wa ngome ndiye anatunga sheria," aliniambia siku moja. "Akisema mimi nikatwe mkono, wewe paladini utakata?"

Nilimtazama mwalimu. Akajikuna kichwa, akasema vijitabu havijafika huko.

Mchezo ulitaka dadu. Mwalimu alikuwa nazo, za maumbo ya ajabu, lakini baba alisema dadu ni haramu na hazitaingia nyumbani kwake. Tukazirudisha kwa mwalimu kwa heshima zote. Badala yake tukaandika namba moja hadi ishirini kwenye vikaratasi, tukavikunja, tukavitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ukitaka kupiga upanga, unachomoa kikaratasi. Nilijivunia sana kopo lile, kwa kuwa wazo lilikuwa langu.

Walikuja Jumamosi wakisaka sukari iliyofichwa. Walikuwa wawili, askari mwenye bunduki na mwanamume wa suruali pana na miwani ya jua. Huyo wa pili, mtu wa usalama asiye na sare, ndiye wa kuogopwa. Baba alikuwa msikitini. Walipekua duka, hawakupata sukari, wakavuta pazia na kutukuta mkekani na karatasi zetu.

Mwenye miwani akaokota ramani ya ngome, akaigeuza hivi na hivi.

"Askari mbili hapa. Mlango ya siri hapa. Silaha hapa." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Hii kambi gani?"

Akachukua karatasi nyingine, ile ambayo mwalimu aliorodhesha wahusika wote na upande wa kila mmoja. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Mtawala: Fujo." Akainua uso. "Mtawala gani huyu?"

Kisha akapindua kopo. Vikaratasi vikamwagika mkekani, akafungua kimoja, akafungua cha pili.

"Na hii kura. Nyinyi nachagua nani, kwenda fanya kazi gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Dadu zingekuwa pale mkekani, hata yeye angeona mchezo, maana hakuna askari asiyezijua dadu. Sisi tulikimbia dhambi ndogo tukajitengenezea ushahidi.

Jirani yangu ndiye aliyesema. "Afande, ni ya kwangu hii. Mimi naandika yote. Ni hadithi ya shule tu, ya jini na mfalme. Baba yangu ni sajenti wa polisi, nyumba ile pale, uliza yeye."

Alisema bila kutetemeka, akatabasamu kidogo kama mtoto aliyekamatwa akicheza. Mwenye miwani akaanza kukunja karatasi. Askari alianza kuangalia mlango. Nikadhani imekwisha. Ndipo mwenye miwani aliponigeukia.

"Hii nyumba ya shehe. Wewe mtoto ya shehe?"

"Ndiyo, afande."

"Mtoto ya shehe hapana sema uongo. Nani iliandika?"

Mwalimu alikuwa akitazama mkeka. Hakuniangalia hata mara moja. Nadhani hakutaka kuniomba kitu.

"Mwalimu," nikasema.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni kiapo kilichosema. Upuuzi. Ilikuwa hofu, na ndani ya hofu kulikuwa na kitu kinachonitia aibu zaidi: nilifurahi kuulizwa. Mtu mwenye nguvu alinitambua kuwa mkweli, na mimi nikataka nistahili kutambuliwa hivyo. Baadaye sana nilisikia kwamba waliotunga mchezo ule waliongeza kipimo cha pili, Wema na Ubaya, kando ya Sheria na Fujo, kwa kuwa kipimo kimoja hakikutosha. Sisi tulikuwa na kile kimoja. Lakini jirani yangu naye alicheza kwa vijitabu vilevile, na alijua la kufanya.

Askari alimwinua mwalimu kwa kola. Mwalimu hakupiga kelele. Alimwambia jirani yangu tu, "Mama ana presha, msimwambie ghafla." Gari likawaka, wakaondoka. Jirani yangu alisimama, akanitazama, akatoka bila kuaga. Hakuingia tena nyumbani kwetu. Baba yake alikwenda kuulizia kituoni, akaambiwa arudi kwake na asiulize tena.

Alhamisi mama wa mwalimu alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, vazi lake refu la gomesi limepigwa pasi vizuri, miguu imevimba kwa kumtafuta mwanawe kambi ya jeshi hadi kambi. Alipiga magoti kusalimu, kisha akaketi palepale alipokuwa akiketi mwanawe.

"Mwana wange, wewe ulikuwepo," akasema. "Nani alitaja mtoto yangu? Mimi sitaki kisasi. Nataka kujua tu, nijue nani nisimsalimie."

Baba aliinamisha kichwa. Yeye pia hakujua, na yeye pia alikuwa akingoja.

"Sijui, nyabo," nikasema. "Waliingia tu, wakamchukua."

Ulitoka kirahisi kuliko nilivyowahi kufikiri uongo unaweza kutoka. Akanishukuru. Alisema afadhali mwanawe alikuwa na watu wema saa ile. Kisha akaomba nimsindikize kesho yake kwenye kambi nyingine, kwani pengine binti wa shehe wangemsikiliza.

Nilimsindikiza kesho yake, na wiki iliyofuata, na miezi iliyofuata, hadi kambi zote tukazimaliza na mwalimu hakupatikana. Mama yule aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na hadi siku anakufa, alipoulizwa ana watoto wangapi, alinihesabu na mimi.