Foronya za Milia

Kabla ya reli, mji ule uliishi kwa uchovu wa watu. Haukuwa na mgodi wala soko la kutajika. Ulikuwa tu mahali ambapo miguu ya msafiri aliyeanza mwendo alfajiri ilikataa kwenda mbele, na punda nao wakakataa. Kwa hiyo nyumba za kulala wageni ziliota pande zote mbili za barabara kama uyoga, na iliyosifika kuliko zote ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Mama Malazi.

Nyumba hakuijenga yeye. Aliolewa humo, akamkuta mama mkwe wake akiiendesha kama jemadari. Bibi huyo alimfundisha kuanika magodoro kabla jua halijawa kali, kuchambua sufi kwa vidole mpaka isibaki na mbegu hata moja, na kutomwuliza mgeni atokako kabla hajavua viatu. Foronya zote zilikuwa za kitambaa kimoja, cha milia ya buluu na nyeupe, kwa sababu bibi aliwahi kununua majora mengi kwa bei ya chee na hakuona haja ya rangi nyingine duniani. Waendesha punda walikuwa wakitania kwamba mtu akiiona tu ile milia, magoti yanalegea.

Bibi alikufa, mwanawe naye akafuata. Nyumba ikabaki mikononi mwa wanawake wawili, Mama Malazi na wifi yake, dada wa marehemu mume. Wifi huyo alikuwa na ulimi wa kukata kitunguu bila kisu, lakini hawakuwahi kugombana zaidi ya siku moja. Walitaniana tangu harusini, na utani ukawa ndio mapenzi yao.

Reli ilianza kwa unyenyekevu. Walikuja wapimaji na miti yao iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, wakalala kwa Mama Malazi. Wakaja wafyeka msitu, kisha wabeba mataruma ya kulazia reli, kisha mafundi wa madaraja. Miaka hiyo vitanda vilijaa, watu wakalala ukumbini na hata jikoni karibu na mafiga. Wanawake wale walifua mpaka ngozi za mikono zikasinyaa.

"Tunawapigia pasi shuka watu wanaotuchimbia kaburi," wifi alisema siku moja, akiwa amekunja shuka upande wake.

"Shika pembe vizuri," Mama Malazi akamjibu. "Kaburi litasubiri."

Halikusubiri sana. Treni ilipoanza kupita ilifika kila siku jua likizama, ikanywa maji kwenye tangi, ikakaa kwa muda ambao mtu angemaliza kikombe cha chai ya moto, ikaondoka. Chumvi iliyokuwa ikifika kwa mgongo wa punda, imelowa na pungufu, sasa ilifika kavu kwa magunia. Mabati yakaanza kung'aa juu ya nyumba zilizokuwa za nyasi. Gazeti lilifika likinuka wino. Vijana walikwenda bandarini wakarudi na viatu vinavyolia wakitembea. Wakulima waliolima pamba kidogo, kiasi cha kujaza godoro, wakaanza kuilima mpaka mlangoni. Kila mtu alisema nchi imeamka, na ilikuwa kweli. Ila mji uliokuwa ukiuza usingizi, ungefanya nini katika nchi iliyoamka?

Nyumba za wageni zikafa moja moja. Moja iligeuka ghala la pamba, nyingine kilabu cha pombe, nyingine ikabaki na mbuzi. Kwa Mama Malazi vitanda viliendelea kutandikwa. Kila asubuhi alibadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia, akapiga mito makofi ili sufi itanuke, akafungua madirisha. Mchana mwanga uliingia chumba hadi chumba, ukapanda kitandani, ukajinyoosha kama mgeni aliyelipa, ukaondoka.

"Wifi yangu, unamtandikia nani?" dada mtu aliuliza akiwa mlangoni. "Jini?"

"Jini halilipi."

"Basi mnunuzi wa pamba analipa. Anaitaka nyumba kwa ghala. Mimi nachukua fungu langu naenda bandarini kwa mwanangu, nikaione hiyo bahari kabla sijafa. Na wewe utatafuta pa kukaa kama binadamu wengine."

Mama Malazi akapiga mto mwingine kofi. Jioni ile alijifunga kanga akaenda stesheni, si kwa kusafiri, kwa kuangalia tu. Treni ilikuwa imesimama. Alitembea polepole kando ya mabehewa ya daraja la tatu, akachungulia dirisha moja baada ya jingine. Mzee mmoja alikuwa amekiweka kiatu chake chini ya sikio. Mama mwenye mtoto aliegemea ubao, na kila kichwa kilipoteleza kiligonga, naye akakirudisha pale pale bila kufumbua macho. Askari mmoja alilalia bega la mtu asiyemjua. Wote walikuwa na vinywa wazi.

Alisimama pale mpaka treni ikaondoka. Usingizi haukuwa umekufa. Ulikuwa umepanda treni.

Kesho yake alimweleza wifi: atakodisha mito madirishani. Abiria atalipa kidogo, atalala, akishuka ataacha mto chini ya kiti. Treni ikirudi, mito itarudi nayo.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza, akafuta macho na upindo wa kanga. "Haya, jaribu. Isiporudi, tunauza nyumba, na sitaki kusikia kilio. Mnunuzi anakuja mwisho wa juma."

"Isiporudi, tunauza," Mama Malazi akakubali. Alikuwa mtu wa neno lake.

Stesheni masta alikuwa mwembamba, mwenye kuipenda kofia yake kuliko kitu chochote alichopewa na serikali. Alisikiliza akiwa ameinua nyusi.

"Mito? Mama, hii ni reli. Si nyumba ya bibi harusi."

"Abiria wako wakilala, watalalamika?"

Alilifikiria hilo. "Hapo umenishika," akasema.

Jioni ya kwanza mito yote ilikwenda. Watu walinyoosha mikono kama wanaogombea mikate ya moto. Taa za mabehewa zilipowashwa, Mama Malazi aliiona milia yake madirishani, dirisha hili, dirisha lile, ikianza kusogea taratibu, kisha kwa kasi, kisha ikawa mstari mmoja wa buluu ulioingia gizani. Akarudi nyumbani akiwa mwepesi kupita kiasi. Vitanda vilivyokosa mito vilionekana kama watu walioinamisha vichwa.

Treni ya kurudi ilipofika, alipanda, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya kila kiti. Alipata maganda ya karanga na soksi moja. Mto, hata wa dawa.

"Mama, unatafuta nini humu?" stesheni masta alimwuliza.

"Mito. Treni si hii iliyokwenda?"

Akavua kofia, akaipangusa, kama mtu anayetafuta namna ya kumpa mwenzake habari ya msiba. "Treni si punda, mama, kwamba anayekwenda ndiye anayerudi. Ikifika njia panda ya reli inakatwa. Mabehewa haya yanavutwa bandarini, yale migodini, yale mengine kwenye mashamba ya chai. Hii uliyoingia imetoka kwingine kabisa. Mito yako sasa hivi iko kila pembe ya nchi."

Hilo halikuwahi kumpitia akilini. Maisha yake yote msafara uliokwenda ndio uliorudi. Punda mwenye sikio lililochanika alipita akielekea magharibi, na mvua zikiisha sikio lile lile lilirudi. Nchi aliyoijua ilikuwa kamba moja yenye ncha mbili. Kumbe ilikuwa imeshafumwa kuwa wavu, naye alikuwa ameutupia mito yake.

"Umewapa watu usiowajua mali, ukategemea wakurudishie," wifi alisema jioni ile. "Hata mimi nisingerudisha."

"Najua. Ndiyo maana wewe sikukukodisha."

Wifi alitaka kucheka, akajizuia. Akammiminia chai, na hilo lilimtisha Mama Malazi kuliko maneno.

Aliendelea kwenda stesheni, kwa kuwa bila mito hakuna kitanda alichokitandika kikaonekana kimetandikwa. Juma lilikuwa limefika katikati pale gadi wa treni, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, alipoinama kutoka behewa la mwisho akamkabidhi kitu kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Wewe ndiye Mama Malazi? Huu umetoka migodini. Mtia makaa mmoja ameuona kwenye benchi, akaukumbatia kama mtoto aliyepotea. Ameniambia, 'Mpelekee mwenyewe. Milia hiyo ni ya kwake, haiko kwingine.'"

"Kanijuaje mimi?"

"Anasema zamani alikuwa na punda. Alikuwa akilala chumba cha mwisho, karibu na kisima."

"Yule aliyekuwa akipiga mluzi usingizini!"

"Bado anapiga," gadi akasema. "Tunalala naye bweni moja, mama. Tunateseka."

Jioni iliyofuata ilikuja mito mingine, na iliyofuata hiyo, mingi zaidi, imefungwa mafungu mafungu. Ndipo Mama Malazi alipoelewa walikokwenda wateja wake. Aliwahi kudhani wametoweka, kama moshi. Reli ilipowanyang'anya mizigo, waliuza punda wakaifuata reli yenyewe. Sasa walikuwa watia makaa, wapagazi, wafuta taa, wageuza njia za treni. Hakukuwa na stesheni, hata ile ndogo yenye benchi moja, isiyokuwa na mtu aliyewahi kuweka kichwa chake kwenye ile milia. Mto ulipoachwa chini ya kiti, kuna mkono uliouinua, ukaupitisha kwa mkono mwingine.

Aliifungua mito nyumbani, mmoja mmoja, na kabla ya kuvua foronya aliweka pua. Huu ulinuka makaa. Huu ulinuka majani ya chai mabichi, akaona kilima kijani ambacho hakuwahi kukiona, na wanawake wenye vikapu mgongoni wakienda ndani ya ukungu bila kutoa sauti. Mwingine ulikuwa na maziwa ya mtoto yaliyokauka, mwingine mafuta ya nywele ya mtu tajiri. Yeye hakuwahi kuvuka kilima kilicho nyuma ya mji. Alikaa sakafuni katikati ya mito ile, amefumba macho, na nchi nzima ikampitia polepole, behewa baada ya behewa.

Mnunuzi wa pamba alifika mwisho wa juma na futi ya kupimia, wifi akimtangulia. Walifungua chumba cha kwanza. Sufi ilikuwa imetandazwa kitandani kuanikwa, na foronya zilizofuliwa zilining'inia kutoka dirisha hadi mlango. Cha pili hivyo hivyo. Mnunuzi alipiga chafya, kisha nyingine.

"Haijarudi yote," Mama Malazi alisema. Hakutaka kushinda kwa ujanja. "Mingine haitarudi, nadhani. Tuliahidiana, wifi. Amua wewe."

Wifi alipita chini ya foronya, akaokota mto uliokuwa haujafuliwa bado, akaunusa bila kufikiri. Akaunusa tena.

"Huu ulikuwa wapi?"

"Bandarini. Hiyo ni chumvi, lakini si ile ya magunia."

Wifi akaukumbatia mto kifuani. Nyuma yake mnunuzi alikuwa akipambana na chafya ya tatu.

"Hata wakikupenda hao watu wako wa punda," wifi akasema hatimaye, "nani atakaa kule bandarini kuikusanya mito? Utawategemea wanaume milele? Watachoka. Anatakiwa mtu mwenye mdomo."

"Mwenye mdomo namjua mmoja tu."

"Samahani," mnunuzi akaingilia, "nyumba nauziwa, siuziwi?"

"Bwana wangu," wifi alimgeukia, "wewe mwenyewe unaona hatuna nafasi."

Wifi aliondoka kwa treni ya jioni, siku chache baadaye, na kifurushi chake na vitafunio vya kutosha watu wanne. Alikaa dirishani, akiwa ameshika fito za dirisha kwa mikono miwili, japokuwa treni ilikuwa bado inakunywa maji. Mama Malazi alipita dirisha kwa dirisha akikodisha mpaka akamfikia.

"Nipe mmoja," wifi akasema.

"Lipa."

"Wifi yako?"

"Abiria ni abiria."

Wifi alimtazama, akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta shahidi wa dhuluma hii, kisha akafungua fundo la kanga akatoa sarafu. Tangu harusi ile alikuwa hajawahi kumlipa chochote. Mama Malazi aliipokea, akampa mto ulio mnene kuliko yote.

"Uangalie usipitilize."

"Mimi? Mimi silali safarini," wifi akasema, akauweka mto kwenye ubao na shavu juu yake.

Tangi lilifungwa. Gadi akapuliza filimbi. Behewa liliposogea, wifi alikuwa ameshalala, kinywa wazi kama wenzake wote.