Fundi Kopo Hakuiacha Ishike Kutu

Siku yake ya kwanza kazini alipewa tambara, ndoo ya mafuta ya taa na amri moja tu: "Futa ile pale." Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Akatazama huku na huku asione cha kufuta, mbele yake kulikuwa na ukuta mweusi tu. Aliposhusha macho taratibu ndipo akagundua kuwa ule ukuta una magurudumu.

Gurudumu moja lilimfika kidevuni. Joto la safari lilikuwa bado linatoka kwenye chuma, na mahali fulani ndani maji yalisikika yakichemka polepole. Akasahau tambara mkononi.

"Nimeajiri mtu au sanamu?" msimamizi akamwuliza kwa nyuma.

"Mtu, bwana."

"Basi futa. Bibi Mkubwa hapendi uchafu."

Karakana nzima ya reli iliita injini ile hivyo. Ilikuwa kubwa kuliko zote za mvuke, na peke yake ilipandisha mabehewa arobaini mlima ambao nyingine ziliupanda mbili mbili. Alifuta mwaka mzima, kisha akakabidhiwa kopo la mafuta lenye mdomo mrefu. Tangu hapo akawa Fundi Kopo. Hata barua za ofisini nusura ziandikwe hivyo.

Kabla ya kila safari alitia mafuta sehemu sitini na nne, na zote alizijua kwa vidole. Boila la kuchemshia maji lilipopozwa aliingia kwenye tanuri kukagua. Mara ya kwanza alipita mlangoni kwa kutambaa, akidhani humo atakaa kwa kujikunja. Akanyoosha mgongo, akanyoosha miguu, akasimama wima kabisa, na paa la chuma bado lilikuwa juu yake. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ikazunguka, ikamrudia. Akajikuta amevua kofia.

Mkewe, fundi cherehani, alichoka kusikia habari hizo kila chakula kinapotengwa.

"Kama yule ndiye bibi mkubwa, basi mimi bibi mdogo," alisema. "Angalau niambiwe zamu yangu ni lini."

Miaka ikaenda, zikaja injini za dizeli. Zile za mvuke, saba kwa jumla, zikapangwa kwenye reli ya nyuma ya karakana, nyasi zikaota mpaka magotini. Fundi Kopo akahamishiwa stoo ya vipuri. Hakuna aliyemtuma, lakini kila Jumamosi alikwenda kule nyuma na kopo lake, akaanza sehemu ya kwanza hadi ya sitini na nne. Na kila mwezi alimbembeleza kaka wa mkewe, dereva wa dizeli ndogo ya kupanga mabehewa.

"Shemeji, nisukumie Bibi Mkubwa hatua kumi tu."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

"Dada yangu kaolewa na mwendawazimu," shemeji alinung'unika huku akiwasha dizeli yake. Alinung'unika hivyo miaka kumi na mmoja, na hakukosa mwezi hata mmoja.

Kisha ikaja amri: zote saba zikatwe, ziuzwe chuma chakavu. Wakataji walikuwa wameshashusha mitungi ya gesi siku alipofika mama mmoja kutoka makumbusho. Ameruhusiwa kuokoa injini moja, alisema, ila lazima ifike makumbusho kwa magurudumu yake yenyewe, maana hakuna gari la kuibeba.

Akachagua iliyokuwa mpya kuliko nyingine. Dizeli ikavuta. Magurudumu yakagoma kuzunguka, yakaburuzwa tu, yakitoa mlio wa kutia ganzi meno. Wakajaribu ya pili. Nayo ni hivyo hivyo. Ya tatu haikutikisika, wala ya nne, ya tano na ya sita. Mama akafunga daftari lake.

"Zote zimeganda," alisema. "Nimechelewa."

"Mama, bado hujaigusa ile ya mwisho," Fundi Kopo akasema.

"Ile kubwa? Kama ndogo zimeshindikana..."

"Iguse tu."

Shemeji akafunga mnyororo, akavuta pole pole kama kawaida yake. Zaidi ya tani mia mbili zikasogea bila kelele. Wakataji wakashusha miwani yao. Mama wa makumbusho akatembea kando ya yale magurudumu, akapitisha kidole kwenye ekseli, akakitazama kidole kinang'aa mafuta.

"Nani kafanya hivi?"

Shemeji akanyoosha mkono kumwonyesha. Fundi Kopo alitazama chini kama mtu aliyefumaniwa.

Injini ikavutwa hadi makumbusho, na matengenezo ya kuiwasha tena yalichukua miaka miwili. Alikuwa ameshastaafu, lakini waliomba aje kuwaongoza mafundi. Asubuhi waliyowasha moto, watu walijaa uani, mkewe akiwa mbele. Sindano ya geji ya kupimia mvuke ikapanda. Chuma kikaanza kulia kidogo kidogo kadiri kilivyopata joto, ardhi ikatetemeka chini ya viatu. Filimbi ilipopigwa, watu wazima waliinama na kuziba masikio, kisha wakacheka wenyewe.

"Panda, fundi," dereva akamwita. "Uiondoe wewe."

"Mimi? Mimi mtu wa mafuta. Sijawahi kuendesha hata hatua moja."

"Ndiyo maana nakuita."

Akapanda. Dereva akamwelekeza mpini, naye akauvuta kwa mikono miwili. Mvuke ukatoka pande zote, ukawafunika watu wote uani, kisha kile kilima cha chuma kikaondoka, kwa nguvu zake chenyewe, mpaka mwisho wa ua.

Aliposhuka, alianza kufuta mikono kwa tambara. Mkewe hakumsubiri amalize. Aliisogelea injini, akaweka kiganja karibu na ubavu wake, joto likamrudisha nyuma.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ndogo, "mbona hukuniambia ni hivi?"

"Nilikwambia miaka thelathini."

"Uliniambia ni kubwa," mkewe akajibu, macho yake bado yakiwa juu. "Hukuniambia ni hivi."

Wakasimama hapo pamoja mpaka mvuke ukaisha hewani.